Mozzarella mezani, mvinyo gani kwenye glasi?

Huku Campania, kusini mwa Italia, mozzarella, jibini laini la maziwa ya nyati-maji wa kufugwa, unafungiwa kwenye mfuko ikiwa inaelea katika maji yake ya chumvi. Kama utaila siku hiyohiyo, usiitie kwenye friji. Iache mezani humohumo ndani ya maji, maana baridi huikaza na kuipunguzia ladha. Ukiikata inachuruzika maziwa, na maziwa hayo ndiyo yanayoamua ufungue chupa gani.

Wageni wangu wengi hukimbilia mvinyo mwekundu. Kwa jibini la jana au la leo asubuhi, mimi nakataa. Ukakasi wa maganda ya zabibu ukikutana na maziwa mabichi unaacha uchungu mdomoni, kama umelamba chuma. Mvinyo mweupe uliolazwa kwenye mapipa mapya ya mwaloni nao siuleti mezani: unanukia vanila, jibini halisikiki tena.

Chaguo langu la kila siku ni Falanghina, mvinyo mweupe wa zabibu ya hapahapa, inayolimwa sana upande wa Benevento. Mvinyo huu ni mwepesi, una uchachu wa kutosha kuondoa mafuta ulimini, na bei yake haikutoi jasho. Ukiongeza nyanya mbichi na majani ya basil, mambo yanabadilika kidogo. Nyanya ni chachu, na mvinyo wenye uchachu mdogo kuliko wa nyanya utaonekana kama maji. Hapo fungua Greco di Tufo, mvinyo mweupe mwingine wa Campania, wenye uchachu zaidi.

Burrata, jibini la jamii ya mozzarella ambalo asili yake ni Andria huko Puglia, ina krimu tumboni, kwa hiyo inataka kitu chenye uchachu zaidi: Verdicchio dei Castelli di Jesi, ambao ni mvinyo mweupe, au mvinyo wenye mapovu. Ukinunua Prosecco, mvinyo wa mapovu wa Italia, soma lebo vizuri. "Extra Dry" ina sukari zaidi ya "Brut", jina lisikudanganye. Chukua Brut.

Mvinyo usio na mapovu usiunywe wa baridi kali. Utoe kwenye friji robo saa kabla, ufike kama nyuzi 10 hivi, la sivyo utasikia uchachu mtupu bila harufu.

Ricotta, jibini jeupe laini, ni habari nyingine. Ina utamu wake wa maziwa na chumvi kidogo sana. Imwagie asali, kisha fungua Moscato d'Asti, mvinyo mtamu ambao kilevi chake ni kama asilimia 5 tu.