Giligilani Uani, Baada ya Kisibiti Kunishinda

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua punje za kisibiti katika soko la Darajani nilipokwenda Unguja, nikaja nazo Wete kwa nia ya kuzipanda uani. Kwanza nilihakikisha kwamba si uzile, yaani bizari nyembamba, kwa kuwa viwili hivyo huchanganywa mara nyingi: punje ya kisibiti imepinda kama mwezi mchanga na rangi yake imekoza, ilhali ya uzile imenyooka zaidi na imepauka. Zilichukua karibu wiki tatu kuota, zikatoa majani yaliyochanika kama ya karoti, kisha zikabaki hivyo hivyo mwaka mzima bila ya ua hata moja. Nilimlaumu aliyeniuzia, nikailaumu na samadi, kumbe kosa halikuwa la yeyote. Kisibiti cha kawaida ni mmea wa miaka miwili, nao hauchanui mpaka upitiwe na wiki nyingi za baridi ya kweli, kama ile ya Ulaya. Hapa kwetu hata kipupwe kikipamba moto ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20. Majani yake machanga yanafaa katika kachumbari, na mzizi wake huchemshwa ukaliwa, lakini anayetaka punje atangoja bure.

Ndipo nikahamia kwenye giligilani, ambayo ni ya ukoo huo huo, haidai baridi, na katika muda wa miezi mitatu hadi minne humpa mtu vitu viwili, kotmiri, yaani majani yake mabichi, kwanza na punje baadaye.

Jambo kubwa ni majira. Ukiipanda wakati wa joto la kaskazi, baina ya Disemba na Februari, hukimbilia kuchanua kabla hujapata majani ya kutosha mchuzi mmoja, na ukiipanda katikati ya masika, mvua huiozesha miche. Mimi hupanda mwanzoni mwa Juni, masika yanapokatika, ili mmea ukulie ndani ya kipupwe. Punje za dukani zinaota vizuri maadamu hazijakaangwa. Kila punje ni tunda lenye mbegu mbili ndani, kwa hiyo nazibingirishia chupa juu ya ubao, kwa mkono mwepesi, mpaka zipasuke, kisha naziroweka usiku mmoja. Zipande pale pale zitakapokulia, kina cha sentimita 1 hivi, kwani mzizi wake mrefu hauvumilii kung'olewa na kuhamishwa. Asiye na uwanja atumie ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, naye aifunike kwa tawi la mti wenye miiba. Mara mbili kuku wa jirani walinimalizia kazi ya wiki nzima kwa asubuhi moja.

Baada ya wiki tano au sita, chuma majani ya nje na uache moyo wa mmea. Kwa kuwa giligilani haidumu, mimi huotesha mstari mpya kila baada ya wiki mbili mpaka Agosti. Mmea ukirefuka na majani yakawa membamba kama nyuzi, usihangaike kuukata vilele, kwani hautarudi nyuma, uache uchanue.

Katika kuvuna punje, pua ni mwalimu bora kuliko kalenda. Punje mbichi ina harufu kali ambayo wengi huifananisha na ya kunguni, na ikikomaa harufu hiyo hugeuka ikawa tamu. Sehemu kubwa ya kichala ikishakuwa na rangi ya kahawia, kata mashina alfajiri, umande ungalipo, kwa sababu jua likiyakausha punje hupukutika chini. Nayatia kichwa chini ndani ya foronya, nayatundika ndani ya nyumba kwa wiki moja au mbili, kisha nazipukuchua punje na kuzimalizia juu ya jamvi. Mpemba aliyewahi kuanika karafuu hahitaji kuambiwa namna ya kuliangalia wingu.

Punje nzima hukaa na harufu yake muda mrefu katika chupa iliyofungwa barabara, lakini ikishasagwa hufifia upesi, kwa hiyo sisagi zaidi ya mahitaji ya wiki mbili. Nazikaanga kavu kwa moto mdogo pamoja na uzile na pilipili manga, nikisha nazisaga zote pamoja kwa ajili ya mchuzi wa samaki. Kotmiri naisaga mbichi na nazi, pilipili na ndimu, ikawa chatine ya kulia kachori.

Konzi moja ya punje huitenga kwa ajili ya Juni ijayo. Naiweka chumbani, mbali na jiko, tangu siku niliporudi kutoka shamba nikakuta mbegu zangu zote zimeshakuwa bizari ya mchuzi.