Kufahamiana na wakutubi kabla hujaingia kwenye fani

Ndugu, umesema unaifikiria kazi ya ukutubi, humfahamu mkutubi hata mmoja, na unaogopa kwamba ukimfuata mtu ataona umekuja kuomba ajira. Nimo kwenye fani hii kwa muda mrefu sasa. Niliingia bila kumjua mtu, na siku hizi mimi ndiye ninayefuatwa na wanaotaka kuingia, kwa hiyo nakujibu nikiwa nimekaa pande zote mbili.

Hofu yako inaisha ukibadilisha ombi lenyewe. Usimwombe mtu kazi, mwombe akusimulie kazi yake. Anayeombwa kazi huanza kujihami, maana mara nyingi hana mamlaka ya kuajiri. Anayeulizwa siku yake ya jana ilikwendaje hufunguka mwenyewe. Sisi kutwa nzima tunajibu maswali ya watu, lakini hilo ni nadra mtu kutuuliza.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi: "Naitwa fulani, nafikiria kusomea ukutubi. Nimeona unashughulika na uorodheshaji wa vitabu. Naomba dakika ishirini, siku utakayokuwa na nafasi, nikuulize kazi hiyo inavyofanyika. Kwa sasa sitafuti ajira." Wasifu usiambatanishe. Na kama wewe ni mtu wa haya, andika tu baruapepe bila wasiwasi, wengi wetu tunapenda kujibu kwa maandishi.

Sasa, umfuate nani? Wengi huishia kaunta. Wanamwona anayeazimisha na kupokea vitabu, wanadhani maktaba ndiyo hiyo. Nyuma ya ule mlango wa watumishi kuna anayechagua na kununua vitabu, anayeviorodhesha, anayesimamia mfumo wa kompyuta, anayetunza nyaraka. Na kwingineko yupo anayeendesha vipindi vya watoto na anayewasaidia watafiti. Mwombe huyo wa kaunta akutambulishe kwa mmoja wao, ila usimwombe wakati watu wamepanga foleni.

Mimi nilitambulishwa hivyo kwa mama mmoja wa uorodheshaji. Aliniketisha kando ya skrini yake, akanipa kitabu cha nyuki, akaniuliza: hiki kinamfundisha mfugaji, au kinaeleza mdudu? Katika mpangilio wa Dewey, unaoipa kila mada namba yake ya rafu, ufugaji wa nyuki uko 638.1, lakini nyuki kama mdudu yuko 595.799, na rafu hizo mbili ziko mbalimbali kabisa. Akasoma utangulizi, akapitia orodha ya yaliyomo, akakuta sura nyingi ni za mizinga na urinaji wa asali. Akaandika 638.1. Kisha akajaza rekodi ya kitabu kwenye kompyuta, ambayo sehemu zake huitwa kwa namba: kwenye 100 jina la mwandishi, kwenye 245 kichwa cha kitabu, kwenye 650 mada. Akaniambia, "Nikikipeleka kule kwa wadudu, mfugaji hatakiona kamwe." Nilitoka pale nikijua kazi ninayoitaka, na hakuna kipeperushi cha chuo ambacho kingenionyesha hilo.

Kwa hiyo, ukipewa nafasi, omba kuonyeshwa. Muulize jana alifanya nini tangu asubuhi. Muulize ni kitu gani alijifunza kazini ambacho chuo hakikumfundisha, na kipi kinachomchosha. Muulize waajiri wa kwenu wanadai cheti gani, na uulize hilo kabla hujalipia masomo, kwa sababu mambo hutofautiana sana: Marekani nafasi nyingi za mkutubi hudai shahada ya uzamili kutoka programu iliyoidhinishwa na ALA, yaani Chama cha Maktaba cha Marekani, wakati kwingine stashahada au shahada ya kwanza inatosha. Mwisho muulize: nani mwingine ungenishauri nizungumze naye? Mtandao wangu wote umekua kwa swali hilo.

Vyama vya taaluma navyo vinasaidia. ALA ipo tangu 1876, na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, tangu 1927. Karibu kila nchi ina cha kwake, na vingi huwapokea wanafunzi kwa ada ya chini. Kwenye mikutano yao jitolee meza ya usajili, maana kila anayeingia lazima apite kwako. Kama unapenda kompyuta, ingia kwenye jumuiya ya Koha, mfumo huria wa maktaba uliozaliwa New Zealand. Watumiaji wake husaidiana hadharani, na ukisoma mijadala yao utajua maktaba zinahangaika na nini hasa. Kujitolea kupanga rafu ni kuzuri pia, mradi mkubaliane mapema utajifunza nini na kwa muda gani. Bila makubaliano utabeba vitabu miezi na miezi na usijifunze kitu.

Ukishazungumza na mtu, mshukuru siku hiyohiyo. Wiki chache baadaye mwandikie tena umweleze ulichofanya na ushauri wake: kozi uliyoisoma, mtu uliyeonana naye. Hapa ndipo wengi hupotea. Hao wachache wanaorudi na habari ndio ninaowakumbuka, na nafasi ya muda ikitokea kwetu majina yao ndiyo ninayoyataja.

Niambie unavutiwa na maktaba ya aina gani: ya umma, ya chuo, ya shule, ya hospitali au ya mahakama. Watu wa kuwafuata si walewale, nami nitakuelekeza pa kuanzia.