Kinachoumiza ni kurudia, si kujua

Swali la wiki hii: je, kufuatilia habari kila saa kunaathiri akili, na mtu afanyeje? Kunaathiri, tena sana. Ila kinachoumiza zaidi ni kuirudia habari ileile bila kupata la kufanya.

Baada ya mabomu kulipuka kwenye marathoni ya Boston, Marekani, Aprili 2013, watafiti walibaini kwamba waliofuatilia habari za tukio hilo saa 6 au zaidi kwa siku, katika wiki ya kwanza, walikuwa na msongo mkali kuliko hata waliokuwepo pale. Moyo hushtuka upya kila video inapochezwa, na video haina mwisho.

Sisi wa Mtwara na Lindi tuna habari za aina mbili, tuzitenganishe. Kuna habari zinazokudai kitendo. Kimbunga Kenneth kilipokuja, Aprili 2019, tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ya kufanyiwa kazi: hama bondeni, usiende baharini, pandisha mtumbwi. Tahadhari hizo zina rangi: njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Soma rangi, mkoa na tarehe, fanya linalotakiwa, kisha subiri taarifa inayofuata. Aina ya pili ni za kutazama tu: klipu za mapaa yanayoruka, nyingi za zamani na za nchi nyingine, hazikuongezei usalama wowote.

Korosho nayo ni hivyohivyo. Bei hutoka mnadani. Kati ya mnada na mnada kuna tetesi tu. Anayechungulia simu alfajiri hadi usiku kutafuta bei anajikosesha usingizi bure.

Simu ndiyo ya kushughulikia kwanza. Kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, kisha Hifadhi na Data, uzuie picha, sauti na video zisijipakue zenyewe. Makundi ya habari yazimie mlio moja kwa moja, kwa sababu ukizima kwa saa 8 tu, kesho yake yanarudi na kelele zilezile. Ujumbe wenye mishale miwili umeshasambazwa mara nyingi: usiupeleke mbele kabla ya kuusikia kwenye chombo cha habari kinachojulikana. Jiwekee dakika 15 mchana na 15 jioni, redio ikiwezekana, maana haina picha za kukuganda kichwani. Ikifika saa 3 usiku, funga.

Wengi hukosea kwa kuacha habari zote ghafla. Siku mbili tatu tu wasiwasi unazidi, mtu anaanza kuulizia kila jirani, na tahadhari ya kweli inampita.

Hali ngumu zaidi ni ya mwenye ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Mji wa Palma wa huko uliposhambuliwa, Machi 2021, kwake haikuwa habari ya mbali, na kumwambia "usifuatilie" ni kumkosea. Familia ichague mtu mmoja wa kupiga simu upande ule kwa saa maalumu, naye awape wengine majibu kwa mdomo. Picha za maiti zifutwe kabla watoto hawajashika simu. Mtoto akiuliza, ajibiwe kwa ufupi na kwa ukweli.

Na kama usingizi umepotea wiki mbili, chakula hakipiti, au moyo unadunda hata simu ikiwa imezimwa, nenda kituo cha afya. Waeleze hivyo hivyo, usiseme tu "kichwa kinauma", utaishia kupewa panadol. Ikibidi omba rufaa: hospitali ya Ligula kwa Mtwara, ya Sokoine kwa Lindi.