Fohendi yangu inagonga uzio tangu nihamie Arusha: nirekebishe nini?

SWALI: Kocha, habari za kazi? Mimi ni mwanamke wa miaka 36, natumia mkono wa kulia. Tenisi nilianzia Moshi, nimecheza huko miaka miwili, na fohendi, pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, ndilo lilikuwa pigo langu la kutegemea. Mwaka huu kazi imenihamishia Arusha, nakaa Njiro, nacheza mara mbili kwa wiki. Tangu nifike, fohendi inakwenda auti. Wala si auti ya kubishania mstarini, mpira unagonga uzio. Nikijizuia unaingia wavuni. Kocha wa hapa ananiambia nimalizie raketi juu ya bega. Mwenzangu ninayecheza naye anasema nitumie zaidi kifundo cha mkono. Mdogo wangu kanitumia video ya Nadal, yule bingwa wa tenisi kutoka Hispania, anataka nishike raketi kama yeye. Nimejaribu yote. Sasa hata mpira rahisi naukosa, na kifundo kimeanza kuuma. Nimsikilize nani? Na je, nibadilishe raketi au nyuzi?

JIBU: Njema kabisa dada, na pole na hicho kifundo. Tuanze nacho. Kwa sasa usipige mpira kwa nguvu, na ushauri wa kutumia kifundo zaidi uuache kuanzia leo, hata kabla sijakueleza sababu. Maumivu yakiendelea wiki mbili pamoja na kupumzika, nenda kamwone mtaalamu wa viungo. Mkono ukishazoea kujilinda na maumivu, hakuna kocha atakayeufundisha kitu.

Sasa tuje kwenye kuhama kwako. Arusha mjini ipo kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, Moshi mita 800 na kitu. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo haiushiki mpira kama kule. Hata topspini, ule mzunguko unaoufanya mpira ushuke haraka baada ya kuvuka wavu, hupungua nguvu, kwa sababu hewa ndiyo inayousukuma mpira chini na hapa hewa yenyewe ni haba. Mipira nayo hufungwa kiwandani ikiwa na hewa ya shinikizo ndani. Shinikizo la nje likipungua, mpira unakuwa mgumu na unadunda juu zaidi. Ndiyo maana Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, lina aina maalumu ya mipira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Moshi ipo chini ya kiwango hicho, Arusha ipo juu yake. Ukihamia huku na makopo yako ya mipira ya kawaida, tayari unacheza na mpira usio wa mahali hapa.

Unaweza kupima mwenyewe. Weka alama ya chaki ukutani kwenye sentimita 254, nyingine kwenye 147. Dondosha mpira mpya kutoka alama ya juu kwenye sakafu ngumu, mtu akurekodi kwa simu iliyo usawa wa alama ya chini. Mpira wa kawaida unaokidhi kanuni unapaswa kurudi kati ya sentimita 135 na 147. Ule wa miinuko, ukipimwa usawa wa bahari, hurudi kati ya 122 na 135. Ukiuona wako unapita alama ya chini, umepata sehemu ya jibu. Ila usifanye jaribio hilo alfajiri ya Julai, baridi ya Arusha inapouma: mpira wenye baridi hudunda kivivu na utakudanganya.

Sehemu ya jibu, nimesema. Mpira uliokuwa unatua mita moja ndani ya mstari kule Moshi, hapa unaweza kufika mstarini au kupita kidogo. Uzio lakini upo mita sita hivi nyuma ya mstari. Mpira unaoufikia bila kudunda umeondoka kwenye raketi ukiwa umeelekezwa juu, na hilo mwinuko wa Arusha hauwezi kulifanya peke yake. Tatizo ulikuja nalo kutoka Moshi. Kule hewa nzito ilikuwa inakustiri.

Ninavyosoma maelezo yako, unaugonga mpira kwa kuchelewa. Sijakuona ukicheza, lakini dalili tatu zikikaa pamoja, yaani auti ndefu unapoachia, wavu unapojizuia, na maumivu ya kifundo, kwangu hilo ndilo jambo la kwanza kulichunguza. Angalia pia upande: kama mingi inayotoka inaelekea kulia kwako, mashaka yanapungua sana.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mpira umeshadunda upande wako na unakujia kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa katika mchezo wa kirafiki. Hiyo ni mita 11 kwa sekunde. Ukichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, mpira umekwishasogea zaidi ya mita moja. Ulitakiwa kuugonga mbele ya nyonga yako ya kushoto, sasa unaugonga ukiwa sawa na mbavu za kulia, kiwiko kimebanwa, uso wa raketi bado umefunguka kuelekea juu na kulia. Mwili unajua kuna hitilafu, kwa hiyo kifundo kinaruka kuokoa jahazi. Siku kikiruka kidogo, uzio. Kikiruka sana, wavu. Na mpira unakaa kwenye nyuzi kwa sekunde 0.004 au 0.005 tu, basi. Hakuna binadamu anayerekebisha kitu ndani ya muda huo, awe wewe au bingwa wa dunia. Chochote raketi itakachofanya pale kimeshaamuliwa mapema.

Kwa hiyo, umsikilize nani?

Kocha wako hajakosea. Pigo zuri mara nyingi huishia juu ya bega. Ila kumaliza juu ya bega ni matokeo, na ukiugonga mpira kwa kuchelewa halafu ukapeleka raketi begani, umelipamba pigo bovu. Niseme na hili kuhusu sisi makocha, maana linanikera: tunapenda kurundika maagizo mpira ungali hewani. "Goti! Bega! Macho! Malizia!" Mchezaji hawezi kutekeleza hata mawili kwa wakati mmoja. Agizo lenye faida ni lile ambalo wewe mwenyewe, bila kuuliza mtu, unaweza kujua kama umelitimiza. Kwa hiyo usimwache kocha wako. Mwombe kitu kimoja: asitoe mpira kutoka ng'ambo ya wavu, amwachie mtu mwingine kazi hiyo, yeye asimame pembeni, upande wako wa kulia, usawa wako. Kila ukigonga aseme neno moja tu, "mbele" au "nyuma", kulingana na mahali raketi ilipokutana na mpira. Asiongeze la pili hata kama linamwasha ulimini.

Mwenzako wa kifundo umeshasikia ninavyomfikiria. Kifundo hulegea na kufuata, hakiongozi.

Mdogo wako ndiye mwenye ushauri wa hatari kuliko wote, ingawa kautoa kwa nia njema. Nadal ameshinda Roland Garros, yale mashindano makubwa ya Ufaransa, mara 14, na fohendi ile ndiyo iliyombeba kwa kiasi kikubwa. Lakini chukua raketi yako, isimamishe kwa ubavu kama unataka kukata kitu, kisha utazame mpini. Una pande nane. Wa juu kabisa ni wa kwanza, na kwa mtu wa mkono wa kulia unahesabu kwenda kulia: wa pili ni ule wa mshazari, wa tatu umesimama wima, wa nne mshazari wa chini, wa tano upo chini kabisa. Kifundo cha chini cha kidole cha shahada kikikaa upande wa tatu, huo ni mshiko wa kizamani kidogo lakini unaosamehe, na Federer, bingwa mwingine wa enzi ya Nadal, alikuwa anashika karibu na hapo. Kadiri kinavyoshuka kuelekea wa nne na wa tano, topspini inakuja kirahisi, ila sehemu ya kuugonga mpira inasogea mbele zaidi. Yaani mshiko wa namna ya Nadal unadai uwahi kuliko unavyowahi sasa, na wewe shida yako ni kuchelewa. Baki upande wa tatu, au katikati ya wa tatu na wa nne. Hilo tulimalize.

Tiba yenyewe inaanzia mabegani, na inaanza mapema kuliko wengi wanavyoamini. Mpira ukishatoka kwenye raketi ya mpinzani na ukaona unakuja kuliani kwako, mabega yageuke papo hapo. Mkono wa kushoto ubaki umeshika shingo ya raketi mpaka mabega yawe yamegeuka kabisa. Huo mkono ndio unaosahaulika. Wachezaji wengi wanaochelewa wanaachia mkono wa kushoto mapema, mkono wa kulia unarudi nyuma peke yake, kifua bado kinatazama wavu, na hapo pigo limeshabaki la mkono mtupu. Ukigeuka na mikono yote miwili, bega la kushoto halina pa kwenda ila kutazama wavu, na mwili mzima umejikunja tayari kufunguka. Jipe sharti hili: sema "geuka" kwa sauti kabla mpira haujavuka wavu kuja kwako. Kwa sauti hasa, jirani wa kiwanja cha pili asikie. Ukijikuta unalisema mpira umeshavuka, umejua kosa lako kabla hata hujapiga.

Ukishageuka, nguvu itoke chini. Fikiria unavyomwaga ndoo ya maji ya kufulia uani: hakuna anayeimwaga kwa kifundo. Mguu unakanyaga, nyonga inazunguka, mikono inafuata. Fohendi hivyo hivyo. Kichwa cha raketi kishuke chini ya mpira, kisha kipande kukutana nao mbele, na topspini itakuja bila kuitafuta.

Mazoezi sasa. Wiki za mwanzo kaa mbali na michezo ya kuhesabu pointi. Simama karibu na mstari wa sevu, ule ulio kati ya wavu na mstari wa nyuma, mabega yamegeuka, na uchore msalaba wa chaki chini, mbele ya mguu wa kushoto na kuliani kidogo, umbali ambao mkono wako na raketi vinaufikia bila kubana kiwiko wala kunyoosha mkono hadi mwisho. Dondosha mpira juu ya msalaba kwa mkono wa kushoto, uache udunde, upige polepole ukiwa kati ya kiuno na kifua. Baada ya muda utagundua kwamba kazi ya msalaba ni kuifundisha miguu umbali, maana mpira wa mchezo hauji na chaki. Mipira kumi ikienda vizuri, mwombe mtu akurushie kwa mkono kutoka mita nne hivi. Ukiona saba kati ya kumi unaigonga mbele, rudini mpigiane taratibu mkiwa wote mstari wa sevu. Mstari wa nyuma uje mwisho. Kama klabu yenu ina mipira yenye doti ya kijani, itumie bila aibu. Imetengenezwa iende polepole kwa karibu asilimia 25 kuliko ya kawaida, na muda ndio kitu unachokihitaji. Watu wazima wengi wanaiona ya kitoto, na ndiyo hao hao wanaokaa na kosa moja miaka.

Simu yako itumie vizuri. Iegemeze kwenye benchi upande wako wa kulia, irekodi kwa mwendo wa polepole. Ukifika nyumbani, sogeza video hadi ile picha ambayo mpira umegusa nyuzi na uisimamishe hapo. Jiulize swali moja: mpira upo mbele ya nyonga ya kushoto, au la? Mengine yote yapite, hata kama goti limesimama kama mti na sura umeikunja. Utatamani kurekebisha vitu vitano kwa siku moja. Usithubutu.

Kuhusu urefu, wavu katikati una sentimita 91.4. Kwenye mazoezi lenga kupita juu yake kwa kiasi kingine kama hicho. Ukiwahi kuugonga, huna haja ya kujizuia, na mpira utaacha kuingia wavuni.

Nikuambie kabla hujakata tamaa: katika wiki za mwanzo utacheza vibaya kuliko sasa, kwa sababu unalivunja pigo ulilolizoea. Ukiona hivyo usirudi kwenye kifundo.

Raketi usinunue. Nyuzi zinaweza kusaidia baadaye, kama picha za simu zinaonyesha unaugonga mbele lakini mpira bado unapita mstari kwa kiasi kidogo. Hapo mwambie fundi akaze kwa pauni mbili zaidi ya ulivyozoea, ndani ya kiwango kilichoandikwa kwenye fremu. Nyuzi zilizokazwa zaidi hurusha mpira kidogo kuliko zilizolegea. Ila kwa kifundo kinachouma, zikwepe nyuzi ngumu za poliesta hata ukiambiwa ndizo wanazotumia wakubwa, na uchague laini. Kabla ya hayo yote tafuta kopo la mipira ya miinuko, maana kopo moja ni rahisi kuliko kufunga nyuzi upya. Ukilikosa hapa mjini, mwagize yeyote anayesafiri kwenda Nairobi. Mji huo nao upo juu ya mita 1,219, wachezaji wa huko wana shida hiyo hiyo.