Sheria ndogo ya mazingira na kiwanja chako: uliza kipimo kabla ya kupinga

Ndugu mleta mada, umesema baraza lenu la madiwani linajadili sheria ndogo ya kukataza kujenga na kukata miti kwenye ukanda wa kando ya kijito, na kipande cha kiwanja chako kimo ndani ya ukanda huo. Unauliza kama wana haki ya kukuamulia mali uliyoinunua kwa jasho lako, na kama kuna maana ya kwenda kupinga. Nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya mazingira na mipango, tukaandika rasimu za namna hii na kukaa mbele ya wananchi wenye hasira, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona.

Mamlaka ya kukuwekea mipaka yapo karibu kila nchi. Uingereza, kwa sheria ya mipango ya 1947, mwenye ardhi alibaki na ardhi yake lakini kuiendeleza kukawa kwa kibali. Marekani, ambako katiba inalinda mali binafsi kwa ukali, Mahakama ya Juu ilikubali tangu 1926 kwamba mji unaweza kupanga eneo gani lijengwe nini. Kwa hiyo anayesimama kikaoni na kusema "hii ni yangu, msiniingilie" hafiki mbali. Madiwani humsikiliza, humshukuru, na kuendelea na ajenda.

Nenda ukapinge, lakini nenda na swali hili: sheria hii inanizuia nisiwadhuru wengine, au inanitaka niwape wengine faida kwa gharama yangu? Mimi naamini kabisa kwamba la kwanza halidai fidia na la pili linadai. Ubishi mwingi unatokana na watu kuyachanganya hayo mawili.

Kuhusu madhara, kuna kikao sikisahau. Wenye viwanja vya juu walikuwa wameongea kwa muda mrefu juu ya haki ya mali, na kwa kweli waliongea vizuri. Akasimama mama mmoja anayekaa chini, kijito kinapopinda, akawauliza: "Na ukuta wangu ulioangushwa na maji yanayotoka kwenu, huo haukuwa mali?" Mjadala uligeuka pale pale. Miti na majani ya ukingoni hupunguza kasi ya maji na kushika udongo. Ukiyaondoa na kumwaga zege, mvua yote inaingia kijitoni kwa mkupuo mmoja, na anayelipa ni mtu ambaye hakupata hata senti kwenye ujenzi wako. Tangu siku ile sikubali mtu aniambie kwamba mijadala hii ni mazingira dhidi ya mali. Mara nyingi ni mali ya wa juu dhidi ya mali ya wa chini, ila wa chini hawaji vikaoni mpaka wafurikiwe.

Upande wa pili una kesi ambayo kila diwani angepaswa kuijua. Mji wa Tigard, jimbo la Oregon huko Marekani, ulikuwa na mwenye duka aitwaye Florence Dolan, aliyetaka kupanua jengo lake na kutia lami maegesho, kando ya kijito cha Fanno. Mji ukamwambia kibali atapata, ila kwanza autolee mji sehemu ya ardhi yake iliyo kwenye bonde la mafuriko, pamoja na ukanda wa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Kwa jumla ilikuwa takriban asilimia 10 ya kiwanja. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu, majaji 5 dhidi ya 4, ikampa haki. Haikukataa hoja ya mafuriko. Ilichouliza ni hiki: kama shida ni maji, haitoshi kumkataza asijenge pale? Kwa nini ardhi iwe ya umma na watu wapite humo? Mji ulitakiwa uonyeshe kwamba unachodai kinalingana, hata kwa makadirio, na madhara ya ujenzi wenyewe. Ni kesi ya Marekani na haiwafungi ninyi, lakini swali lake linafaa kuulizwa katika baraza lolote.

Kuna pia suala la kiwanja kumezwa chote. Katika kesi ya 1992 ya mwenye ardhi aitwaye Lucas, iliyohusu sheria ya jimbo la South Carolina iliyomkataza kujenga kwenye viwanja vyake viwili vya ufukweni, mahakama hiyo hiyo ilisema kanuni inayofuta thamani yote ya ardhi kwa kawaida inadai fidia. Jimbo likaishia kuvinunua viwanja vile, halafu likaviuza vijengwe. Hilo linaniuma mpaka leo kwa upande wa ufukwe, maana mzigo ulipohamia kwa jimbo, ule uthabiti wa kuulinda ufukwe uliotarajiwa kwa mwenye kiwanja haukuonekana.

Jambo moja kwa madiwani wanaosoma hapa: mkitangaza leo kwamba miti italindwa miezi kadhaa ijayo, misumeno itaanza kunguruma kesho. Nimeishuhudia hiyo, na waliokata walikuwa watu wema walioogopa kufungwa mikono. England wana njia nzuri: amri ya kuhifadhi miti inaweza kuanza kazi papo hapo kwa muda wa miezi 6, huku pingamizi zikipokelewa, kisha halmashauri inaithibitisha au inaisha yenyewe.

Sasa wewe, usisubiri kikao cha baraza zima. Kule hupigwa kura juu ya mambo yaliyokwisha pikwa kwenye kamati. Peleka barua kwa kamati, uombe ramani inayoonyesha ukanda unapita wapi hasa ndani ya kiwanja chako, na upana wake umetokana na nini, maana upana mmoja kwa mto mkubwa na kwa mfereji wa msimu ni dalili kwamba hakuna aliyekwenda kupima. Uliza majengo yaliyopo yatafanywaje, na kama utaruhusiwa kuyakarabati. Uliza anayekataliwa kibali anakata rufaa kwa nani, kwa sababu nimeona rasimu ambamo afisa anayekataa ndiye huyo huyo anayesikiliza rufaa. Na kama wanataka njia ya umma ipite kwako, iandikwe kwenye kifungu chake peke yake, na fidia yake ikiwa imetajwa humo humo.