Mti wa Krismasi wa taifa Marekani ulishawahi kukaa giza?
Umeuliza kama ule mti wa Krismasi wa taifa pale Washington ulishawahi kukaa bila taa, ndio, tena sio mara moja. Ulianza 24 Desemba 1923, Rais Coolidge akabonyeza swichi na taa 2,500 zikawaka, nyekundu, nyeupe na kijani. Vita ya Pili ya Dunia ilivyokuja, 1942 mpaka 1944 hakuna taa kabisa. Ila ya 1979 ndo inanigusa sana, Wamarekani walikuwa wametekwa kule Iran, basi huku Washington ikawashwa ile nyota ya juu tu mti wenyewe ukabaki giza, Krismasi ya 1980 wakauwasha wote kwa sekunde 417, sekunde moja kwa kila siku ambayo wale waliotekwa walikuwa wamekaa mateka, halafu wakazima tena.