Kila mtu na akaunti yake: jibu kwa dada anayetaka kuhamia Hua Hin na mumewe

Dada wa Reading, Uingereza, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema mzee ana miaka 66, wewe 59, mnauza nyumba mhamie Thailand. Wakala wenu amewapa njia nyepesi: wekeni baht (fedha ya Thailand) 800,000 kwenye akaunti ya mzee, achukue kibali cha wastaafu, na wewe uingie kama mke anayemtegemea. Unauliza kama inatosha. Kisheria inatosha. Sisi tulifanya hivyohivyo mwaka 2016 na kwa miaka minane hatukuona taabu. Hata hivyo nakuomba, kwa jina la Mungu, usifanye hivyo. Nitakueleza yaliyonipata, kisha nitagusa na hayo mengine uliyouliza.

Mimi mzaliwa wa Tanga, marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Mombasa, na Leicester tulikaa karibu miaka thelathini. Nilikuwa muuguzi. Sisi wa mpango wa zamani wa pensheni tuliruhusiwa kustaafu na miaka 55, nikastaafu mwaka uleule yeye alipotimiza 65. Baridi ilikuwa imemmaliza magoti. Hua Hin tuliipendea bahari, samaki wabichi, soko la karibu, na Waislamu wenzetu walioko upande wa Cha-am.

Kanuni ya fedha ni hii. Mstaafu awe na miaka 50 au zaidi. Baht 800,000, kama pauni 18,000 kwa bei ya sasa, ziwe kwenye benki ya Thailand kwa jina lake miezi miwili kabla ya kuomba nyongeza ya mwaka, yaani ruhusa ya kukaa mwaka mmoja zaidi. Tangu 2019 zibaki hapo miezi mitatu baada ya kupewa, na mwaka mzima salio lisishuke chini ya 400,000. Asiye na akiba hiyo aonyeshe baht 65,000 zinazoingia kila mwezi kutoka nje. Zamani ubalozi wa Uingereza ulikuwa ukitoa barua ya kuthibitisha kipato, lakini uliacha mwishoni mwa 2018, kwa hiyo siku hizi kinachotazamwa ni taarifa ya benki. Mke au mume aliyekuja kama mtegemezi haonyeshi senti, anaonyesha hati ya ndoa tu. Ndiyo maana mawakala wanaipenda njia hii, na ndiyo maana sisi pia tuliipenda.

Julai 2024 mume wangu akapata kiharusi. Alilala siku kumi na moja bila kuweza kusema wala kushika kalamu. Hospitali binafsi tuliyomkimbiza ilitaka malipo ya awali kabla ya kumpandisha wodini, na fedha zetu nyingi zilikuwa kwenye akaunti ile yenye jina lake. Nilikuwa na hati ya Uingereza inayonipa mamlaka ya kushughulikia mambo yake akishindwa mwenyewe. Benkini walinipokea kwa adabu na wakanirudisha kwa adabu, kwa kuwa hati ile haikuwa na nguvu kwao. Nikalipa kwa akiba yangu ndogo na mchango wa watoto, kisha tukamhamishia hospitali ya serikali. Huko madaktari walikuwa wazuri mno, na ingawa wageni tuna bei yetu, ilikuwa bei ya kibinadamu.

Alifariki Ijumaa jioni, tarehe 9 Agosti. Inna lillahi. Kwetu unajua, maiti hailali. Lakini maiti ya mgeni haitoki hospitali bila barua ya ubalozi wake, wikendi ikaingia, na Jumatatu tarehe 12 ilikuwa sikukuu ya taifa. Barua tukaipata Jumanne, cheti cha kifo tukakichukua ofisi ya wilaya, na Jumatano ndugu wa Cha-am wakamuosha, wakamkafini, wakamsalia na kumzika. Watu ambao hata Kiswahili hawakijui walimbeba baba wa wanangu kama baba yao. Sitawasahau. Nakuambia haya ili uwe nayo kabla: namba ya simu ya dharura ya ubalozi, nakala za pasipoti zote mbili, na jina la imamu au padri wa karibu, vyote kwenye bahasha moja ambayo jirani anajua ilipo.

Baada ya maziko ndipo nikafahamu nilivyokaa. Kibali changu kilikuwa kimening'inia kwenye chake. Muhuri kwenye pasipoti yangu ulikuwa unaisha tarehe 20 Septemba, na wa kumtegemea hayupo tena. Ofisa wa uhamiaji, mama mmoja mpole, alinieleza kwamba naweza kuomba kibali cha wastaafu kwa jina langu mwenyewe, umri ninao. Sharti ni zile 800,000 ziwe zimelala benki miezi miwili. Za mume wangu zilikuwapo, ila benki ikishajua mwenye akaunti amekufa, inaifunga mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Kadi yake nilikuwa nayo na namba ya siri naijua. Wapo walionishauri nizitoe usiku kwa mashine kabla benki haijajua. Usithubutu. Mtu akishafariki fedha zile ni za warithi, na ukizichukua kwa mlango huo umejitafutia kesi ya jinai katika nchi ya ugenini.

Nami nilikuwa eda. Miezi minne na siku kumi mjane anatakiwa atulie nyumbani kwake, na serikali inanitaka nitoke nchini ndani ya wiki sita. Nililia sana juu ya hili kuliko juu ya fedha. Nikampigia sheikh wa Tanga aliyenifundisha nikiwa mtoto. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni dharura. Nenda, fanya linalokulazimu, rudi nyumbani kwako ukamalize eda yako." Nikaenda Kuala Lumpur siku nne na binti yangu. Wakati ule pasipoti ya Uingereza ilikuwa ikipewa siku 60 bila viza, nikarudi kwa mlango huo. Nikahamisha akiba yangu kutoka Uingereza kwenda kwenye akaunti yangu ndogo ya hapa, ambayo bahati nzuri nilikuwa nimeifungua kwa ajili ya matumizi ya soko. Nikaomba kubadilishiwa kuwa viza ya O ya mstaafu, ada baht 2,000, nikapewa siku 90. Fedha zikalala miezi yake miwili, nikaomba nyongeza ya mwaka kwa baht 1,900. Leo nasimama kwa miguu yangu.

Mwenye pasipoti ya Tanzania aisome aya hiyo kwa tahadhari: hangeweza kutoka na kurudi bila viza. Angelazimika kuomba viza kabla ya safari, na kama anatokea Afrika Mashariki awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Kwa hiyo dada yangu, wewe umeshapita 50. Fungueni akaunti mbili, kila mmoja na 800,000 zake kwa jina lake peke yake, na kila mmoja na kibali chake. Najua ni kufunga fedha mara mbili. Kama nyumba ikiuzwa haitoshi kwa hilo, basi angalau mmoja apitie 65,000 za kila mwezi na mwingine apitie akiba. Na kama hata hilo ni zito, ningekuwa wewe ningengoja.

Wasia. Tulikuwa na wa Leicester tu, tukadhani unatosha. Ukapaswa kutafsiriwa na kuthibitishwa, watoto wakasaini ridhaa zao Uingereza nazo zikatafsiriwa, mahakama ikatangaza, na akaunti ikafunguliwa baada ya miezi mitano na nusu. Andikeni wasia wa pili wa Kithai, unaohusu mali ya Thailand pekee, na mhakikishe haufuti ule wa Uingereza. Usainiwe mbele ya mashahidi wawili walio pamoja kwa wakati mmoja, na mrithi asiwe shahidi, wala mume au mke wa mrithi. Sheria yao inambatilishia shahidi huyo alichoachiwa. Mtajeni msimamizi humohumo. Hata ukiwa na wasia benki bado itataka amri ya mahakama, ila safari inakuwa fupi.

Kwa Waislamu kuna jambo ambalo sikuliona likisemwa popote. Sheria ya Kiislamu ya ndoa na mirathi inatumika rasmi katika mikoa minne ya kusini tu: Pattani, Yala, Narathiwat na Satun. Hua Hin, Bangkok na Chiang Mai mahakama inafuata sheria ya kiraia, na usipoandika wasia mke anapata sawa na mtoto mmoja. Mkitaka mafungu ya Qur'ani, yaandikeni. Na ndoa ya msikitini isiyosajiliwa serikalini haitambuliki kabisa. Cheti chetu kilitoka kwa Kadhi wa Mombasa, na kilithibitishwa Nairobi, kikatafsiriwa Kithai, kikapigwa muhuri wa wizara ya mambo ya nje Chaeng Watthana, Bangkok. Sikuwahi kufikiri karatasi ile ingenifaa siku ya kumzika kuliko siku ya kuombea viza.

Sasa pensheni, maana umeandika "pensheni yetu itatutosha" na hilo limenitia wasiwasi. Pensheni ya serikali ya Uingereza ukiishi Thailand haipandi. Inagandishwa pale ilipokuwa siku uliyoanza kuipokea ukiwa huku, au siku uliyohamia. Mume wangu alianza 2016 na pauni 155.65 kwa wiki, na mpaka anafariki ilikuwa hiyohiyo. Mwenzake aliyebaki Leicester mwaka wa 2025 alikuwa akilipwa 230.25. Pensheni yangu ya uuguzi yenyewe inapanda kila mwaka popote nilipo. Tazameni basi yenu ni ya aina gani, na mpige hesabu ya miaka 20, si ya mwaka huu.

Matibabu ya bure ya Uingereza nayo mnayaacha siku mnayohama kabisa. Nyongeza ya mwaka ya wastaafu, kwa njia tuliyopita sisi, haidai bima, na watu wengi wanafurahia kutolipa. Viza ya O-A inayoombwa kabla ya kusafiri inaidai tangu 2019. Mimi nawaambia chukueni bima sasa, kabla ya 70, maana ukishakuwa na presha wanakuandikia kwamba moyo na ubongo havimo. Mume wangu waliandika hivyo, na ndivyo vilivyomuua. Asiyepata bima atenge fedha za hospitali, mbali na zile 800,000.

Nyumba: pangeni, angalau miaka miwili. Mgeni hamiliki ardhi Thailand. Fleti anaweza, mradi wageni wasizidi asilimia 49 ya eneo la jengo na fedha ziwe zimetoka nje kwa hati ya benki. Jirani yetu mmoja alijenga nyumba kwenye ardhi ya kampuni yenye wanahisa wa Kithai wa majina tu. Huo ni uvunjaji wa sheria, na mzee yule hapati usingizi kila serikali inapotangaza ukaguzi. Mwenye nyumba wenu aandikishe kuingia kwenu ndani ya saa 24 kwa fomu TM.30, mwulizeni kabla hamjasaini mkataba, maana akikataa ninyi ndio mtakaozungushwa. Kila siku 90 mnaripoti mnapoishi. Mkisafiri nje bila kukata kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa safari moja, nyongeza yenu ya mwaka inakufa uwanja wa ndege.

Kodi: mkikaa siku 180 au zaidi kwa mwaka ninyi ni wakazi wa kodi, na tangu Januari 2024 kipato cha nje mnachoingiza Thailand kinaweza kutozwa. Akiba ya kabla ya hapo haimo, kwa hiyo tunzeni taarifa za benki za tarehe 31 Desemba 2023. Kwa hesabu yenyewe mwoneni mhasibu.

Na kazi usifanye, hata kukaanga sambusa za kuuza sokoni. Kibali cha mstaafu hakiruhusu.

Nataka kujua jambo moja kabla hujampa wakala fedha: hati yenu ya ndoa ilitolewa wapi, na unayo ya asili au nakala? Kama ni ya Zanzibar au Bara, anza kuithibitisha mapema ukiwa bado na ndugu wa kukukimbilia huko. Mimi iliniramba miezi minne. Niandikie, nitakueleza hatua nilizopita moja moja.